Kama akili ni ubongo, basi acheni kutuambia "ni mawazo tu"

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Kisauni. Naandika kuhusu ule mjadala wa kwenye ukurasa wenu wa barua, yule msomaji wa kwanza alosema akili ya mtu ni ubongo basi, hakuna cha zaidi, ati ubongo ndio kompyuta na mawazo ndio programu, halafu yule mwengine akamjibu kwa hasira kuwa roho iko mbali kabisa na mwili na anayesema vingine hana dini. Nimewasoma wote, tena yule wa kwanza nimemrudia manake anaandika vizuri, na kusema kweli sina ugomvi mkubwa na yeyote kati yao. Ugomvi wangu ni na kundi la tatu ambalo halijaandika barua, na ndilo linalotutesa sisi wenye wagonjwa. Hawa ni wale ambao ukiingia kliniki ni watu wa sayansi, mwili tu, vipimo tu, damu, mkojo, eksirei, halafu vipimo vikitoka safi wanageuka palepale wanakwambia "hiyo ni mawazo tu, nenda nyumbani kapumzike".

Mamangu alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya sukari. Wenye wagonjwa wa sukari wanaijua hiyo njia, kidonda kidogo cha kidoleni, kinakataa kupona, kinaanza kunuka, mwisho daktari anakuita pembeni. Mguu tukauzika makaburini Kikowani, kigutu kikapona vizuri hata wauguzi wakasifu. Kilichobaki ni vidole. Vile vidole tulivyozika vinamuuma. Anasema kidole gumba kimepinda kimeingia chini ya wenzake na hawezi kukinyosha, na usiku ndio zaidi, anaamka anapapasa godoro pale ambapo mguu ungekuwa, anakunja uso kama mtu aliyeshikwa na mkakamao. Na anajua vizuri sana kuwa mguu haupo, hana wazimu, deni la duka la mwezi jana anakuhesabia mpaka bei ya kiberiti.

Tukampeleka kliniki, siitaji jina haina haja. Yule kijana wa zamu akabonyeza kigutu, akatazama picha, akasema mama, mguu haupo, na kisichokuwepo hakiumi, hayo ni mawazo tu. Akaandika dawa za maumivu zile za kawaida tukaondoka. Kufika nyumbani bibi mmoja jirani akasema basi mguu umezikwa vibaya, vidole vimekunjika ndani ya kitambaa, ufukuliwe unyoshwe. Tulicheka, hata mamangu alicheka. Lakini mie nikikaa nikifikiri naona yule bibi alimheshimu mamangu kuliko yule kijana, manake yeye aliamini kuna maumivu, akawa anatafuta yako wapi.

Sasa hapa ndipo nataka yule msomaji wa kwanza anisikize, kwa sababu kwenye barua yake alimtaja Descartes yule mwanafalsafa Mfaransa kama ndiye baba wa ujinga wote huu wa kuigawa nafsi na mwili. Ni kweli aliigawa, kitabu chake cha 1641 kinasema hivyo wazi, nafsi kazi yake kufikiri na haina urefu wala upana, mwili una urefu na upana lakini haufikiri, vitu viwili mbalimbali. Lakini yule bwana hakuwa mjinga wa wagonjwa. Kwenye kitabu chengine cha 1644 anasimulia habari ya msichana aliyekuwa na ugonjwa wa mkono, kila daktari akija walikuwa wakimfunga macho asione, mkono ukaoza ukakatwa mpaka kwenye kisugudi, wakamfunga vitambaa mahala pake asijue, na yule msichana akaendelea kulalamika huku kidole hiki kinamuuma, mara kile. Vidole ambavyo havipo! Ni mamangu yule yule, miaka karibu 400 nyuma. Na Descartes hakusema ni mawazo tu. Alisema neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizokuwa zikishuka mpaka vidoleni bado ziko sehemu ya juu, zikitikiswa huko zinapeleka habari ile ile kwenye ubongo, na nafsi inayasikia maumivu kama yako kidoleni kwa sababu ni kwenye ubongo inayasikia, si kwenye mkono. Yaani huyo ambaye tunaambiwa ndiye aliyetupotosha, alikuwa na jibu zuri kuliko la kliniki ya leo yenye mashine ya eksirei.

Aliyembana Descartes vizuri hakuwa profesa. Ni binti mfalme, Elisabeth wa Bohemia, familia yao ilipinduliwa wakawa wanaishi uhamishoni Uholanzi, na Mei 1643 akiwa na miaka 24 akamwandikia barua kumuuliza swali moja: hiyo nafsi isiyo na mwili inausukumaje mwili? Kitu kusukuma kitu lazima viguswane, na kisicho na upana kitagusa nini? Descartes akajibu kwa kuzungukazunguka, akaleta mfano wa uzito unavyovuta jiwe chini, Elisabeth akamwambia kwa adabu kabisa kuwa ni rahisi kwake kukubali nafsi ina mwili kuliko kukubali kitu kisicho na mwili kinausukuma mwili. Mwisho Descartes akamwambia kuwa muungano wa nafsi na mwili haufahamiki kwa kuzama kwenye falsafa, unafahamika kwa maisha ya kawaida na mazungumzo ya kawaida. Wengine wanalicheka hilo jibu wanasema alikimbia swali, mimi naona ni jambo la kweli kuliko mengi aliyoyasema. Baadaye alijaribu tena, kitabu cha 1649, akasema nafsi inafanya kazi yake kupitia kitezi kimoja kidogo katikati ya ubongo, kama punje ya mchele hivi, na hapo alikosea vibaya, siku hizi tunajua kile kitezi kinatoa homoni ya mambo ya usingizi. Na hata kama angepata mahala sahihi swali la yule binti lingebaki pale pale, manake yeye hakuuliza ni wapi, aliuliza vipi.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalisemi. Mwaka 1645 Elisabeth akaugua, homa isiyotoka na kikohozi kikavu. Descartes akamwandikia kwamba sababu ya kawaida ya homa ya namna hiyo ni huzuni. Na huzuni alikuwa nayo tele, ukoo umepoteza ufalme, mjombake mfalme wa Uingereza yuko vitani na watu wake mwenyewe. Sasa angalieni, huyu mtu anaamini nafsi na mwili ni vitu viwili, anamwambia mgonjwa ugonjwa wako umetoka kwenye huzuni, na hakuishia hapo kumwambia basi si ugonjwa. Alichukulia homa ni homa, kikohozi ni kikohozi, akaendelea kumwandikia barua ndefu juu ya namna ya kuituliza nafsi ili mwili upone.

Na kabla yake sisi tulikuwa na Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki 1037, ambaye jina lake limebandikwa kwenye maduka ya dawa kila pembe ya dunia ya Kiislamu lakini vitabu vyake nani anavisoma. Yeye alisema hebu fikiria mtu ameumbwa mara moja, mzima, anaelea hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani, hajui hata kama ana mkono, je atajua kuwa yupo? Ibn Sina akasema atajua. Kwa hivyo nafsi kwake si mwili. Lakini mtu huyo huyo kwenye kitabu chake kikubwa cha tiba anafundisha namna ya kumtibu aliyeugua mapenzi akakataa kusema anampenda nani: mshike mshipa wa mkono, taja majina, taja mitaa, mshipa ukibadilika ghafla kwenye jina moja ushampata. Sasa hapo mapenzi yako wapi, kwenye nafsi au kwenye kifundo cha mkono? Alivishika vyote viwili kwa vidole vyake na hakumwambia mgonjwa aende nyumbani.

Ndio maana nasema hawa wa "mawazo tu" si watu wa sayansi hata wakivaa koti jeupe. Kama wewe unaamini akili ni ubongo na ubongo ni nyama, basi mawazo nayo ni kazi ya nyama, na maumivu yanayotoka kwenye mawazo ni maumivu ya mwilini sawasawa na ya jino. Huwezi kusema hakuna nafsi, halafu ukishindwa kupata ugonjwa ukamtupia mgonjwa kwenye hiyo nafsi ulosema haipo. Chagua. Yule wa pili aliyeandika kwa hasira angalau ana msimamo, yeye anaamini roho ipo na anaishughulikia, anasoma dua, anakwenda kwa shekhe. Lakini huyu wa "mawazo tu" anaamini roho siku ambazo mashine haikuona kitu.

Na sayansi yenyewe haisemi hivyo wanavyosema. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji kule Montreal, alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, anagusa juu ya ubongo kwa umeme mdogo, na mgonjwa anasema nahisi kitu mkononi, na mkono hakuna aliyeugusa. Ina maana sehemu ya ubongo inayoshughulika na mguu wa mamangu bado ipo, haikuzikwa Kikowani, na hakuna aliyeiarifu kuwa mguu umeondoka. Hii hali ya kiungo kilichokatwa kuendelea kuhisiwa ina jina kwenye tiba, kwa Kiingereza "phantom limb", tangu daktari mmoja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Silas Weir Mitchell, alipoiandika 1871 kutokana na wanajeshi waliokatwa viungo. Si jambo la jana. Na kwenye miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran kule California akaja na kitu rahisi mpaka unaona haya, kioo. Unaweka kioo katikati kiufiche ule upande uliokatwa, unatazama taswira ya kiungo kizima, unakichezesha taratibu, na macho yanauambia ubongo kwamba kile kiungo kingine kinacheza, kimenyoka, kimelegea. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed wakaripoti majaribio kwa waliokatwa miguu, wale wa kioo maumivu yao yalipungua. Lilikuwa kundi dogo na haimfai kila mtu, nasema hivyo kabla mtu hajakimbilia kuuza vioo vya tiba pale Marikiti.

Sisi tulichukua kioo kirefu cha kabati, fundi akaking'oa, mamangu anakaa chini kwenye mkeka kioo kiko katikati ya mapaja, anakunja na kukunjua vidole vya mguu mzima huku macho hayatoki kwenye kioo. Mara ya kwanza alisema "we, kinanyoka" akaanza kucheka kama mtoto. Si kila siku kinanyoka. Kuna siku anakisukuma kioo pembeni anasema leo hakiniambii kitu. Lakini hebu fikirini jamani, maumivu ambayo dawa ya kliniki haikuyagusa, kioo kinayagusa, na kioo hakina kemikali, kina picha tu, na picha inaingia kwa macho na mtu anajua kabisa kuwa ni kioo. Hapo ni mwili umetibiwa au ni akili?

Yule msomaji wa kwanza atasema ni ubongo, ndio, na mimi nitamkubalia kwa sehemu kubwa. Nitamwongezea hata hoja ya kumsaidia. Mwaka 1978 watafiti wa San Francisco, Levine, Gordon na Fields, walichukua watu waliong'olewa magego wakawapa dawa bandia isiyo na kitu ndani, baadhi wakapata nafuu kwa kuamini tu. Halafu wakawapa naloksoni, hii hii wanayodungwa vijana wetu wakizidiwa na unga, dawa ambayo inazima nguvu ya vitu vya jamii ya afyuni, na ile nafuu ikayeyuka, maumivu yakapanda. Maana yake kuamini kwao kulikuwa kumefungua dawa ya mwili wenyewe. Imani ilikuwa na kemikali yake. Kwa hivyo hata yule anayepona kwa kuamini hajapona kwa hewa, mtu asimcheke.

Lakini asishangilie sana. Kujua kemikali gani inapita wapi hakujaniambia kwa nini inauma. Kwa nini zile neva zikitikisika kuna mtu ndani anayeumia, badala ya kuwa mambo yanakwenda tu gizani kama maji kwenye bomba? Hilo ndilo swali mwanafalsafa David Chalmers amelisimamia tangu miaka ya 1990, na mwaka 1998 mwanasayansi wa ubongo Christof Koch akaweka naye dau kwamba ndani ya miaka 25 itakuwa imejulikana kwa uwazi ni neva zipi zinazoleta fahamu. Juni 2023 wakakutana New York, Koch mwenyewe akakubali ameshindwa, akalipa kwa mvinyo, hilo la mvinyo ni lao. Na dau lenyewe lilikuwa ni juu ya neva zipi tu, lile la kwa nini halikufikiwa hata. Kwa hivyo mtu akiniandikia gazetini kuwa mambo yamekwisha, akili ni programu, kwa heri, namuuliza amepata wapi habari ambazo Koch hakuzipata.

Kwa yule ndugu wa pili nina machache tu. Usikasirike. Sura ya Israai aya ya 85 unaijua kuliko mimi, walipouliza kuhusu roho waliambiwa ni katika mambo ya Mola wangu, na kwamba nyinyi hamkupewa elimu ila kidogo. Sasa wewe umepata wapi elimu nyingi kiasi cha kujua kuwa haina uhusiano na ubongo? Na jambo hili lina madhara si maneno matupu. Huku kwetu mtoto akianguka kifafa anazungushwa kwa waganga miaka, mashetani, majini, kafara, wakati watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi wamekisoma kifafa cha Pwani hii muda mrefu na wanachosema ni kwamba wengi wenye ugonjwa huo hawako kwenye dawa, na dawa zenyewe za msingi si ghali. Soma dua, hakuna aliyekukataza, lakini mpe mtoto kidonge.

Na tusidhani ni Wazungu na Waarabu tu waliosumbuka na haya. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki 2022, alisema kwa fikra za Waakani, watu wa huko kwao, akili si kitu kilichokaa mahali, ni uwezo wa kufikiri, kwa hivyo swali la vitu viwili vinakutana wapi halianzi hata. Mwenzake Kwame Gyekye, Mghana vile vile, akampinga, akasema Waakani wanaamini kabisa kuna nafsi na kuna mwili. Hawakuafikiana. Mimi moyo wangu uko kwa Wiredu, japo sijui angemwambia nini mamangu saa nane za usiku.

Ombi langu kwa gazeti ni kuwa mjadala huu msiufunge kwa sababu ya kelele. Yule msomaji wa kwanza aandike tena, na atujibu hili: daktari anayeamini akili ni ubongo, akimwambia mgonjwa "ni mawazo tu", amekosea adabu au amekosea sayansi? Mimi nasema sayansi kwanza. Na kama kuna daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapa Mombasa anayewaona waliokatwa viungo na anajua hii habari ya kioo na dawa za neva, aandike kwenye ukurasa huu huu atuambie yuko wapi na anafungua siku gani, manake wenye vigutu vya sukari mji huu ni wengi, na wengi wao wamenyamaza kwa kuogopa kuitwa wendawazimu.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa